Tulichofanya Makueni, na kwanini sijaposti picha za watoto

Tangu turudi kutoka Kenya meseji haziishi, dada tuonyeshe watoto, dada mbona huposti, kuna mpaka mmoja ameniuliza inbox kama safari ilifanyika kweli au hela za michango zimeliwa. Ilifanyika jamani, tena ilienda vizuri sana, ila picha za watoto hakuna na hazitakuja, na leo nimefunga ofisi mapema niandike kwa kirefu kwasababu naona wengi mna hamu ya safari inayofuata na kuna mambo nataka myajue kabla hamjaanza kuchangishana hela ya Kosta.

Kwa wageni wa hapa, mimi ni fundi cherehani, niko Moshi, na naimba sauti ya pili kwaya kuu. Usharika wetu una ushirika wa mda mrefu na kanisa moja la ndani ndani huko Makueni, Ukambani, na wale wenzetu wana makao ya watoto kwenye kiwanja chao. Kila mara wakija kwetu kwenye sikukuu ya mavuno walikuwa wanasema njooni na nyie, mwaka huu tukasema haya tunakuja, tukaanza kukusanya nguo, madaftari, pipi, wamama wa umoja wa wanawake wakataka kushona vitenge sare tukacheze na watoto, yaani mipango ile mnayoijua.

Alafu ikaja barua. Mama anayesimamia makao aliandika kurasa mbili, kwa upole lakini kwa msimamo, kwamba nguo za mitumba wanazo za kutosha, pipi hapana, na wageni wa kuja kubeba watoto na kucheza nao siku mbili tatu wameacha kuwapokea. Akasema tunachohitaji ni fundi cherehani, fundi bomba, mtu anayejua mahesabu na gari yenye nguvu pamoja na dereva. Kila anayekuja alete hati ya polisi ya mwenendo mwema. Hakuna kumpiga mtoto picha, hakuna mgeni kukaa na mtoto peke yake mahali palipofungwa, hakuna kumuuliza mtoto wazazi wake wako wapi. Na hakuna kumuahidi mtoto kitu chochote, hata kurudi.

Kuna waliochukia, lazima niseme ukweli, kuna mtu alisema kwenye kikao hawa wanajiona nani, sisi tunapeleka upendo wao wanatuwekea masharti. Mimi ile barua niliipenda papo hapo. Sisi watu wa Moshi na Arusha hii kitu tunaijua kutoka upande wa pili, tumekua tunaona wageni wanashuka uwanja wa ndege wa KIA na mabegi ya mgongoni wanaenda vituo vya watoto yatima, wiki mbili wamebeba watoto wamepiga picha wameondoka, wiki ya tatu wanakuja wengine, na yule mtoto anakabidhiwa kwa mtu mwingine wa kumpenda kwa wiki mbili nyingine. Mtoto wa namna hiyo anakimbilia mtu yeyote anayeshuka kwenye gari, anamkumbatia mguu, na watu wanasema ona alivyo na upendo. Mtoto aliyetulia kwao hafanyi vile, anajificha kwanza nyuma ya khanga ya mama yake anakuchungulia. Sasa leo tuna hela kidogo ya kusafiri na sisi, hatuwezi kwenda kuwafanyia watoto wa Kenya kilekile.

Basi tukapungua. Tulioenda ni mafundi, mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu za biashara, mwinjilisti na dereva. Tulipita Himo, Holili, tukavuka Taveta, pale mpakani siku hizi ni jengo moja mnagonga mihuri ya nchi zote mbili hapohapo, alafu mnakata katikati ya Tsavo mpaka Voi, tembo wekundu kwa vumbi la kule, alafu barabara ya Mombasa na malori yake, Mtito Andei, Kibwezi, tukaja kuiacha lami kubwa tukaingia ndani. Ilikuwa mwezi wa nane, shule zimefungwa, Makueni mwezi wa nane ni pakavu kweli, mito yote ni mchanga mtupu, punda wanapanda na mitungi, lakini mashambani mbaazi ndio zinavunwa na kila nyumba unayopita wamezianika.

Kazi yangu sikuijua vizuri mpaka nilipofika. Nilidhani ni kushona shuka na kurekebisha nguo zilizochanika, na hizo zilikuwepo, lundo zima. Ila kazi kubwa ilikuwa sare za shule. Wale watoto wengi wao wanajiandaa kurudi kwao, kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mzazi, na mtoto akirudi kwao anabadilisha shule, na kila shule ina rangi yake. Pale makaoni wote walikuwa wanasoma shule moja wanavaa kijani, sasa huyu anakwenda shule ya bluu na cheki nyeupe, huyu maruni, huyu shati njano. Sare ni kitu kidogo ukisikia, lakini niambieni bibi wa miaka sabini na kitu anayemrudisha mjukuu wake atatoa wapi hela ya sare mbili na sweta wiki ya kwanza, na mtoto akiingia darasani na sare ya kijani katikati ya bluu wenzake wote wanajua ametoka wapi kabla hajafungua mdomo.

Kwahiyo nikaweka cherehani yangu ya miguu kwenye varanda na nyingine ya pale waliyokuwa nayo, imekaa mda mrefu bila kutumika kwasababu tu ya bobini, nikaanza kupima mabega na viuno. Watoto walikuwa wanakuja wawili wawili na mama mlezi wao. Sikuwauliza kitu, kama tulivyoambiwa. Lakini mtoto ukimpima sare anaongea mwenyewe, atakwambia kwetu kuna mto, atakwambia mimi nitakuwa na kaka yangu, mmoja alitaka mfuko wa suruali uwe na kifungo ili hela ya kwenda kusaga mahindi isidondoke, kaka yake alimwambia ndio itakuwa kazi yake. Nikamwekea vifungo viwili.

Kila gauni na kila suruali nimeacha pindo refu, nafasi ya kushonea kubwa pembeni, kiunoni lastiki badala ya zipu. Mtoto wa gredi ya tatu akikua pindo linafumuliwa kwa wembe na sindano ya mkono, hakuna haja ya fundi, hiyo sare inakwenda miaka miwili ikitunzwa. Mafundi wenzangu mnaonisoma, hili lishikeni, sare ya mtoto wa familia isiyo na hela haishonwi ya kumkaa sawasawa leo.

Jioni tulikuwa tunakaa jikoni na wamama walezi tunapukuchua mbaazi na hapo ndio nilijifunza mengi kuliko semina yoyote. Afisa ustawi wa pale, kijana mtaratibu sana, alitueleza mambo yalivyobadilika kwao. Kenya ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto tangu 2017. Alafu mwaka 2022 ikapitisha Sheria ya Watoto mpya, na mwaka huohuo wakazindua mpango wa kitaifa wa miaka kumi, 2022 mpaka 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na kuyageuza makao yawe vituo vya kusaidia familia zikiwa majumbani kwao. Mtoto ambaye hawezi kukaa kwa wazazi anatafutiwa ndugu kwanza, akikosekana ndugu anatafutiwa familia ya kumlea iliyokaguliwa, na kwa Waislamu sheria imeitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, kwa jina lake kabisa. Makao yanakuwa mahali pa mwisho, na pa mda. Rwanda waliamua hivyo mapema zaidi, mwaka 2012, wakaanza kufunga vituo kimoja kimoja na kutafuta familia za kulea, wanaziita malayika murinzi. Na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, ndani yake wametaja mpaka hizi safari za kujitolea kwenye vituo kwamba zinaweza kuwa chanzo cha madhara, kwasababu wageni wakiwa wengi wenye hela, kituo kinahitaji watoto wa kuonyesha.

Mi hilo la mwisho lilinikaa kifuani. Kituo kinahitaji watoto. Na watoto wanapatikana, kwasababu umaskini upo. Watu wengi tunadhani mtoto wa kituo ni yatima wa pande zote mbili, hana mtu, kumbe sehemu kubwa duniani watoto wa vituo wana mzazi hata mmoja aliye hai, na karibu wote wana ndugu. Pale Makueni wapo walioingia kipindi kile cha ukame mkubwa wa kuanzia 2020, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, mama akaona makaoni kuna uji asubuhi na ada inalipwa, akampeleka mtoto huku analia. Huyo mama hakumtupa mtoto. Alikosa unga.

Afisa alikuwa ana safari ya kupeleka watoto wawili, kaka na dada, kwa susu wao, ndio wanavyomuita bibi kule, wakalale wikiendi ya majaribio. Hawarudishwi tu ghafla kwamba panda gari nenda. Kwanza ndugu wanatafutwa, wanatembelewa, chifu na mzee wa nyumba kumi wanaulizwa, nyumba inaangaliwa mtoto atalala wapi na na nani, alafu bibi anakuja makaoni kumtembelea mtoto, alafu mtoto anakwenda wikiendi, alafu likizo nzima, ndio baadaye anahamia, na bado watakuwa wanafuatiliwa kwa mda mrefu. Gari ya makao haikuweza ile njia, wakaomba ya kwetu, na mimi nikapewa nafasi kwasababu nilikuwa na sare za kujaribishia.

Tulibeba magodoro mawili, maharage, mafuta, sabuni na pipa la maji. Njia ni ya mawe, sehemu moja tukavuka mto wa mchanga na watu walikuwa wamechimba visima vya mkono katikati ya mto wanachota taratibu kwa kibuyu. Juu kidogo wamejenga ukuta wa zege kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake na maji yanabaki ndani ya mchanga mpaka kiangazi, Wakamba hiyo teknolojia wanaiweza sana na nimemsihi fundi wetu aiangalie vizuri maana kule kwetu ukanda wa chini wa Mwanga na Same tungeihitaji.

Susu alikuwa amekaa nje anasuka kiondo. Nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba huku anaangalia nyuma yangu, anatafuta watoto. Yule msichana mkubwa alikwenda moja kwa moja. Mvulana alisimama. Aliondoka pale mdogo sana, na makaoni wanaongea Kiswahili na Kiingereza, Kikamba kimemtoka, na susu Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni. Kwahiyo bibi anamwambia maneno na mtoto anamwangalia dada yake amtafsirie, na dada naye ana kigugumizi anachanganya, mpaka binamu yao wa jirani alipokuja akawa anawaunganisha. Jamani mimi nililia na sioni aibu kusema. Mtoto anahitaji mkalimani aongee na bibi yake mzaa mama, na hakuna aliyemfanyia ubaya, alilishwa, alisomeshwa, aliombewa, kila aliyemhudumia alikuwa na nia njema.

Na lugha ni mwanzo tu. Pale makaoni kuna kijana mkubwa aliyelelewa hapohapo, sasa anasaidia shambani, yeye aliniambia waziwazi na ameniruhusu niandike bila jina. Alipofika kumi na nane akaambiwa ajitegemee, akapewa begi na baraka. Hajui ukoo wake unakaa wapi, shamba la baba yake wajomba waligawana zamani kwasababu hakuna aliyemhesabu, alipotaka kuoa wazee wa upande wa mwanamke wakauliza wazee wako ni akina nani, akakosa wa kuwapeleka, mchungaji ndio alisimama kama baba. Kule Kenya waliolelewa kwenye makao wana mpaka chama chao kinaitwa Kenya Society of Care Leavers, ni watu wazima hao wanaozungumza wenyewe yaliyowapata, na mimi nadhani usharika wowote unaotaka kujenga kituo cha watoto uwasikilize watu kama hawa kabla ya kumwaga hata tofali moja.

Pale kwa susu tulikaa mpaka jioni. Sare zilikaa vizuri, ya msichana tu nilipunguza bega hapohapo kwa mkono. Afisa alikaa na bibi na chifu msaidizi wakapiga hesabu mbele yetu bila kuficha: bibi anapata hela ya serikali ya Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, anasuka viondo, ana kuku na mbuzi wachache waliosalia ukame. Kinachopungua ni chakula cha miezi ya kabla ya mavuno, hela za mitihani na vitu vya shule, na tenki la kuvuna maji ya bati ili msichana asiache darasa kwenda mtoni. Ndio hivyo tu. Mwalimu wetu wa hesabu alipopiga gharama za kumweka mtoto mmoja makaoni kwa mwaka, mishahara, umeme, kuni, chakula, mlinzi, akalinganisha na hiyo orodha ya susu, alinyamaza alafu akarudia hesabu akidhani amekosea. Hakukosea.

Kuna mstari tunaupenda sana kanisani, Yakobo 1:27, wa kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kila harambee ya vituo unasomwa. Mwinjilisti wetu aliuhubiri Jumapili ile na alisema jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote, kwamba Yakobo ameweka yatima na mjane pamoja, mstari mmoja, dhiki moja. Sisi tumewatenganisha. Tunamchukua yatima tunamjengea bweni la rangi nzuri na bango la mfadhili, na mjane, ambaye mara nyingi ndio mama yake au bibi yake, tunamwacha kule juu kwenye mawe na mbuzi wake. Susu yule alikuwa mjane. Amekaa miaka yote hiyo kilomita chache kutoka kwenye ukarimu wetu wote na haukumfikia. Nilitamani wale wamama wa umoja wangekuwepo kusikia.

Najua swali linalokuja maana nimeulizwa tayari, na wale wasio na kwa kurudi je? Wapo. Wapo waliotoka kwenye nyumba za kipigo, wapo waliofanyiwa mambo na ndugu haohao, wapo ambao afisa ametafuta mwaka mzima hajapata mtu. Hao hawasukumwi warudi, na mtu asije akatumia maneno yangu kufunga kituo kesho na kumwaga watoto barabarani. Hao wanatafutiwa familia za kulea, na kuna wanandoa wawili wa kanisa lile wamekaguliwa tayari na wanasubiri, watu wa kawaida, mmoja dereva wa boda. Wamama walezi nao hawatatupwa, wengine wanasomeshwa wawe wanatembelea familia, kwasababu hakuna anayewajua watoto kama wao. Hawa wamama kwakweli ndio wamenigusa, wanalala na watoto kumi na zaidi kila mmoja, usiku mtoto akitapika ni wao, na wageni wakija zawadi zote zinakwenda kwa watoto, mama mlezi anashika tu trei ya soda. Sisi tulifua, tulichota maji, tulipika zamu nzima wao wapumzike, na kila mmoja nilimshonea gauni la saizi yake mwenyewe.

Cherehani yangu nimeiacha kule. Matroni na wasichana wawili wakubwa nimewafundisha kubadilisha sindano, kujaza bobini, kushona pindo na kukata suruali ya mpira, wameshika haraka. Fundi bomba alirudisha maji vyoo vyote na kuacha spea.

Sasa kwa mnaouliza mnasaidiaje. Usharika umekubali, baada ya vikao virefu, kwamba ile bahasha ya mwezi ya kituo itaendelea lakini nusu yake iende kwa familia zinazopokea watoto, kupitia yule afisa na kanisa la kule, na taarifa zitasomwa kanisani bila majina. Nguo msilete. Mnaotaka kwenda likizo ya Desemba, anayehitajika ni fundi wa kutengeneza na kufunga matenki ya maji ya bati, fundi cherehani mwingine mmoja maana kuna kundi jingine la watoto linahamia Januari na shule zao ni za rangi nyingine, na dereva mzoefu wa njia mbaya. Hati ya polisi anzeni kuifuatilia sasa hivi, inachukua mda. Kama huna ufundi wowote mkononi, nauli yako ya kwenda na kurudi ikitumwa kule inabeba bibi na wajukuu kutembeleana miezi mingi, na hiyo ndio inayokwamisha sana, nauli.

Vitambaa vya bluu cheki na maruni napokea ofisini kwangu, na lastiki ya inchi moja, na vifungo. Nitaanza kukata Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, mwenye mkasi aje.